Mchumba alidhani nina bwana juu ya jiwe, kumbe nasoma!

MPENZI msomaji, kama wewe ni mtoto wa mjini, ukisikia Ngara unajua mambo mawili tu: ni mbali, na kuna wakimbizi. Mimi nami nilijua hayo mawili, la tatu sikulijua. Nimezaliwa Magomeni, nikakulia Magomeni, na mpaka nafikisha miaka 22 safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Morogoro, tena kwenye harusi ya shangazi.

Sasa subiri nikupe kisa changu. Kina mapenzi ndani yake, usiwe na wasiwasi. Lakini kina na jambo jingine ambalo mpaka leo nikilikumbuka usingizi unanipaa.

Mwaka 2012 nilimaliza mafunzo ya uuguzi ngazi ya cheti, nikapangiwa zahanati moja wilayani Ngara, mkoa wa Kagera. Nililia. Mama akaniambia, “Kazi ni kazi, nenda.” Mchumba wangu naye akaniambia nitakaa mwaka mmoja tu, yeye atafanya mpango nihamishiwe Dar. Nikapanda basi na begi langu la magurudumu. Enzi hizo mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku, tukalala Kahama. Kesho yake tukapita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, pori kushoto, pori kulia, hadi Benaco. Hapo ndipo nikateremka, begi limejaa vumbi, magurudumu hayana kazi.

Benaco ile ile. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, wakafikia huko. Wazee wa Ngara wanakumbuka kama jana. Ukikaa nao watakusimulia jinsi kuni zilivyokwisha vilimani na jinsi walivyogawana maji na wageni. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto mdogo Magomeni, sijui hata Kagera iko upande gani.

Zahanati yetu ilikuwa na wafanyakazi wachache: mganga mfawidhi, mimi, mhudumu mmoja wa afya na mlinzi. Mlinzi huyo ni mzee wa miaka sitini na kitu, na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, maana bibi na babu wengi pale wanaongea Kihangaza, lugha iliyo jirani sana na Kirundi na Kinyarwanda. Mimi Kiswahili changu cha Magomeni kiliwachekesha. Wakanibatiza jina: nesi wa mjini.

Msomaji, kwenye makaratasi nesi wa cheti ana mipaka yake. Lakini mganga mfawidhi akiitwa wilayani kwenye semina au kufuata dawa, nani anabaki? Nesi. Mgonjwa akija, nani anamsikiliza, anampima malaria, anampima presha, anaamua apewe nini au apelekwe wapi? Nesi. Basi nilijiona bingwa. Watoto nilikuwa nawaweza, kinamama wajawazito nawaweza. Wazee ndio waliokuwa wananichosha. Mzee akiingia anaanza kukueleza mgongo, anahamia magotini, anarudi kwenye macho, anamalizia na habari za ng’ombe wake waliokufa. Nilikuwa na jibu moja kwa wote: “Babu, huo ni uzee.” Nawapa dawa ya maumivu, naandika kwenye daftari la MTUHA, nasema mwingine apite.

Mwaka 2013, siku ya mnada, akaletwa mzee mmoja kwa baiskeli. Mtoto wake alisema babake hajala siku tatu, jana ameanguka akienda chooni, na anaongea maneno yasiyoeleweka. Mganga mfawidhi hakuwepo. Nikamshika paji la uso, hana homa. Nikampima malaria, hana. Nikauliza kama anakohoa, wakasema kidogo tu. Presha iko chini kidogo. Foleni nje imefika hadi kwenye mwembe. Nikamwambia mtoto wake, “Ni uzee kaka, mpeni uji na maji.” Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu. Mke wake, bibi mmoja mwembamba, akanishukuru kwa mikono miwili.

Usiku wa pili yule mzee akafariki.

Nilikwenda msibani. Nikapewa kiti, nikapewa chakula. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja, maana kwao mzee amekwenda kwa uzee wake, kama nesi alivyosema. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Nikala, nikaaga, nikarudi zangu.

Sasa naomba nikuhamishe kidogo, nikupeleke Marekani.

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Houston, Texas. Alikwenda huko kitambo akasomea unesi. Mwaka 2014 akanipigia kwa furaha kuniambia anasoma shahada ya uzamili kwa kompyuta, yuko nyumbani na kanga yake kifuani, mwalimu anamwona kwenye kioo tu. Akimaliza atakuwa nesi wa ngazi ya juu wa kutibu watu wazima na wazee: anampima mtu, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anamfuatilia mwaka hadi mwaka. Sisi hapa cheo hicho hatuna, kwa hiyo mimi nilikibatiza muuguzi-tabibu.

Akanipa na historia yake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza ya namna hiyo, kwa sababu vijijini kwao madaktari walikuwa hawatoshi. Unasikia? Marekani nayo ilikuwa na vijiji visivyo na madaktari! Na siyo wao peke yao, Botswana hapa kwetu Afrika ilianza kufundisha manesi wa aina hiyo tangu miaka ya 1980.

Nikamwambia, “Dada, nawe unajisumbua! Hiyo kazi unayoisomea miaka yote hiyo mimi naifanya kila siku, tena bila hicho cheo wala huo mshahara.”

Akacheka. Halafu akaniuliza swali moja tu: “Unaifanya, sawa. Ulifundishwa?”

Nilikasirika. Nikamwona anajidai kwa kuwa yuko ulaya. Lakini wiki hiyo hiyo alinirushia kwa WhatsApp somo moja alilokuwa anajiandalia mtihani, akaniambia soma halafu tubishane. Somo lilihusu homa ya mapafu kwa wazee. Lilisema hivi: mzee anaweza kuwa na homa ya mapafu kali bila kupanda joto na bila kukohoa sana. Dalili zake zinaweza kuwa hizi tu: ameacha kula, anaanguka, amechanganyikiwa ghafla, anahema haraka. Kwa hiyo hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20. Ukikuta zimepita 25, usimwache aende nyumbani.

Msomaji, nilikuwa nimekaa kitandani. Nikaweka simu chini. Hajala siku tatu. Ameanguka. Anaongea maneno yasiyoeleweka. Na pumzi zake sikuzihesabu. Hata saa ya mkononi nilikuwa nayo, tena mpya, alinipa mchumba wangu.

Sikulala siku ile. Sitakudanganya kwamba angepona, huenda asingepona. Lakini hospitali ilikuwepo, pikipiki ilikuwepo, na mimi niliyeshika kalamu ya kuandika rufaa niliandika “uzee”.

Asubuhi yake nikampigia dada. “Nataka kusoma.”

Kwenda Marekani siwezi, kuacha kazi siwezi, mshahara wangu wa cheti unajulikana. Lakini kusoma ukiwa kazini si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994, hata kabla hatujajua kompyuta ni mnyama gani. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2005, Baraza lao la Uuguzi na shirika la AMREF walianza kuwapandisha manesi wa cheti kwenda stashahada kwa njia ya kompyuta, maana walikuwa na manesi wa cheti zaidi ya 20,000 na wasingeweza kuwatoa wote wodini kuwarudisha darasani. Nesi akimwacha mgonjwa ili akasome, mgonjwa anabaki na nani?

Basi mwaka 2015 nikapata nafasi katika chuo kimoja cha hapa nchini, kusomea stashahada kwa masafa. Masomo yanakuja kwenye simu na kwenye sidii, kila baada ya muda unakwenda chuoni wiki chache, halafu unafanya vitendo hospitalini chini ya msimamizi anayekusainia daftari. Usidhani hata wenzetu wa Marekani wanasoma kwa kubonyeza tu. Dada alinieleza kwamba huko kwao kila mwanafunzi lazima akae na wagonjwa wa kweli, mbele ya msimamizi, saa zisizopungua 500, na tangu mwaka 2022 kiwango kimepandishwa hadi 750. Kompyuta inakufundisha jina la ugonjwa. Tumbo la mgonjwa halishikiki kwenye kioo.

Nikapanga na dada: nafuata mtaala wa chuo changu, na yeye kila Jumanne na Ijumaa ananirushia somo moja la wazee. Mimi namlipa kwa kumsimulia wagonjwa wangu bila kutaja majina, maana alisema wa kwangu wanamfundisha kuliko wa kwenye vitabu vyake.

Tatizo likawa mtandao. Mkongo wa baharini ulifika Dar mwaka 2009, ukatandazwa mikoani, tena ukapita hadi Rusumo kwenda Rwanda. Lakini kwenye zahanati yetu simu ilikuwa inashika baa moja, tena ukiinyanyua juu kama unaomba dua. Umeme nao mjini Ngara ulikuwa wa jenereta za dizeli, kijijini kwetu hata huo haukuwepo. Leo pale Rusumo kuna mitambo ya megawati 80 inayogawana Tanzania, Rwanda na Burundi, iliyoanza kuzalisha mwaka 2023. Wakati ule maporomoko yalikuwa yanapiga kelele tu.

Mlinzi ndiye aliyenionyesha siri. Nyuma ya zahanati kuna kilima, na juu ya kilima kuna jiwe kubwa. “Panda hapo mwanangu, hata Bukoba utaongea nayo.” Kweli! Juu ya jiwe mtandao ulikuwa bomba. Basi kila usiku, nikishamaliza kazi, napanda na kanga mbili za baridi, mlinzi ananifuata na tochi na mkuki wake, anakaa kando. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anasikiliza. Alijua dalili za kisukari kabla yangu.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Jiwe lile linatazama Burundi. Simu ikizidiwa inashika mnara wa ng’ambo, inakukaribisha nchi ya watu, na saa inabadilika yenyewe. Burundi na Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Siku ya jaribio la kwanza, jaribio linafunguliwa saa 2 usiku, linafungwa saa 3. Nikapanda mapema, nikatulia, naangalia simu: bado dakika kumi. Nikapiga na dua. Simu ikasema saa 2 kamili, nikafungua. “Jaribio limefungwa.” Kumbe ni saa 3 ya Tanzania, mimi nilikuwa naishi Burundi!

Niliangua kilio pale juu ya jiwe. Kesho yake nikamwandikia mwalimu maelezo marefu kama wosia. Akanijibu kwamba amekwishasikia visingizio vya msiba, malaria na mvua, lakini cha mwanafunzi kuhamishwa nchi na simu yake ni cha kwanza, akanipa jaribio jingine. Tangu siku hiyo saa ya mchumba ndiyo niliyoiamini.

Na mchumba mwenyewe? Hapo ndipo patamu.

Yeye Dar, mimi Ngara. Zamani alikuwa akinipigia saa 2 usiku tunaongea mpaka usingizi. Nilipoanza kusoma, akipiga simu haipatikani, au inatumika. Akiniuliza ulikuwa wapi, nasema juu ya jiwe. Nawe jiulize, kijana wa mjini unaambiwa na mchumba wako kwamba kila usiku yuko juu ya jiwe, utaelewaje? Nilimweleza nasoma. Akasema, “Unesi si umemaliza?” Pesa za bando zikawa nongwa: “Elfu tano kila wiki unamtumia nani?”

Mwaka 2016 akafunga safari bila kuniambia. Siku mbili njiani, ili anifumanie. Akafika zahanati saa 3 usiku, nyumba yangu imefungwa. Mhudumu akamwelekeza: yuko juu, kwenye jiwe. Akapanda kilima gizani na viatu vyake vya ngozi. Alichokikuta ni mimi nimejifunga kanga mbili, simu imewekwa kwenye kopo la maziwa ili sauti itoke, dada anafundisha kutoka Houston jinsi ya kumpima mzee kumbukumbu, na mlinzi na rafiki zake wawili, wazee watupu, wamekaa kwenye majani wakitaja siku za wiki kinyumenyume, maana walikuwa wananisaidia mazoezi.

“Jumapili, Jumamosi, Ijumaa...” Mchumba akabaki mdomo wazi.

Alikaa siku mbili. Alikuwa mpole, aliwasalimia wazee shikamoo, aliniachia bando la mwezi mzima. Nikajua yamekwisha. Wiki mbili baadaye akaniandikia ujumbe: “Nimekuelewa, hukuwa na mtu. Lakini mimi nataka mke wa kuishi naye, siwezi kuoa jiwe.”

Nililia siku tatu. Siku ya nne nilikuwa na mtihani. Simlaumu. Aliniomba nichague, na mimi nilikuwa nimekwishachagua tangu usiku ule nilioweka simu chini.

Mwaka 2017 nikahamishiwa wilaya jirani ya Biharamulo, ambako nilikuwa pia nafanya vitendo. Biharamulo ni mchanganyiko, Washubi, Wasukuma, Wazinza, wafugaji na wakulima. Huko nikakutana na jambo ambalo usiombe likukute bibi yako.

Waliniita nyumbani kwa bibi mmoja. Siku mbili alikuwa haeleweki: usiku anaongea na marehemu mumewe, anawafukuza watu wasioonekana, mchana anasinzia. Macho yake mekundu, miaka mingi ya moshi wa jikoni. Nje kulikuwa na vijana wamesimama kwa makundi, wanaongea chini chini. Neno walilokuwa wanalisema sina haja ya kukuandikia. Unajua mwenyewe, kanda hii ya ziwa vikongwe wengi wameuawa kwa neno hilo.

Yule nesi wa mwaka 2013 angesema ni uzee, akaondoka, akawaachia vijana kazi yao.

Nikauliza swali la kwanza ambalo dada alinikaririsha: ilianza lini? Maana akili ya mzee ikipungua kwa ugonjwa wa kusahau, hupungua taratibu, miezi na miaka. Ikiyumba ghafla, ndani ya saa au siku, hiyo ni dharura ya mwili: tafuta maambukizi, tafuta upungufu wa maji, tafuta sukari, tafuta mkojo uliozuiwa, na usisahau dawa. Mjukuu akasema, “Wiki iliyopita alikuwa mzima kabisa, alilima.”

Nikahesabu pumzi, nzuri. Nikapima malaria, hana. Sukari nzuri. Ulimi mkavu kama jani. Nikagusa tumbo chini ya kitovu, limejaa, na bibi akaguta. Mara ya mwisho kukojoa? Hakuna anayejua. Nikasema leteni dawa zote anazokunywa. Wakaleta mfuko wa rambo. Ndani mna vile vidonge vya mafua na muwasho vinavyoleta usingizi. Bibi alishikwa na mafua, mtu akamnunulia dukani, akimeza anatulia, basi wakawa wanampa asubuhi, mchana na jioni, na usiku wanamwongeza ili alale. Siku sita.

Mwaka 1991 huko Marekani daktari mmoja aitwaye Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa zinazoweza kuwadhuru wazee. Orodha hiyo imekuwa ikifanyiwa marekebisho mpaka sasa, na vidonge vya namna ile vimo. Kijana akivimeza anasinzia, basi. Mzee vinaweza kumchanganya akili, vikamkausha mdomo, vikamfungia mkojo. Niliisoma juu ya jiwe, kwa baridi, nikidhani haitanisaidia Kagera.

Nikatoka nje nikasimama mbele ya wale vijana. Magoti yananitetemeka, usinione shujaa. Nikainua kile kipakiti juu. “Bibi amezidishiwa dawa. Mkojo umemzuia. Tunampeleka hospitali sasa hivi, na nyie mtasaidia kumbeba.” Wakatazamana. Mmoja akatupa sigara, akaja. Wakaja wengine.

Hospitali walimwekea mpira wa mkojo na maji ya mshipani, vidonge vikaachwa. Siku ya tatu bibi akaamka akauliza nani anawalisha kuku wake. Alipotoka, vijana wale wale ndio waliomfuata kwa pikipiki.

Stashahada niliipata. Dada naye alimaliza Houston, anatibu wazee, ingawa sheria ya Texas bado inamtaka awe na mkataba na daktari ndipo aandike dawa. Kwetu cheo chake bado hakipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na hospitali nyingi zina dirisha lao. Dirisha ni jambo jema. Ila nyuma ya dirisha akae mtu anayejua kuhesabu pumzi.

Nawe kijana wa mjini, ukienda kumsalimia bibi, usimpelekee soda na kitenge peke yake. Muulize anakunywa dawa gani, mwombe akuonyeshe mfuko. Akiacha kula, akianguka, akianza kupayuka ghafla, mpeleke hospitali. Na ukiambiwa ni uzee, uliza tena.

Lilibaki jambo moja. Siku niliyopata cheti changu nilipanda hiace, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, nikarudi kijiji kile cha Ngara. Nikaenda kwa yule bibi mwembamba, mjane wa mzee wa baiskeli. Mlinzi akaja kunitafsiria. Nikamwambia yote. Kwamba mzee wake huenda alikuwa na homa ya mapafu, kwamba sikuhesabu pumzi, kwamba neno uzee lilikuwa uvivu wangu.

Mlinzi alitafsiri polepole, nadhani hakupunguza kitu. Bibi akanyamaza muda mrefu, akachochea moto. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Halafu akaniuliza kama vile vyuma vya kupimia nimekuja navyo. Nikasema ndiyo.

Akakunja mkono wa gauni lake, akaninyooshea mkono.

“Basi nipime,” akasema. “Na pumzi uzihesabu.”

Nikavua saa, nikaiweka gotini, nikahesabu dakika nzima.